Raia Aliye Definiti Kuliko Wote

Nchi inayosimuliwa hapa haipo popote duniani. Msomaji akiona inafanana na nchi anayoifahamu, ayalaumu macho yake, maana nchi yenyewe ilipoulizwa ilikanusha.

Mkuu wa nchi hiyo alisafiri ng'ambo siku tatu kwenda kung'olewa jino. Aliporudi, shavu bado limevimba, alisimama kwenye ngazi ya ndege, akasema neno moja tu alilolisikia kwa daktari Mwingereza: "Definiti." Kisha akaingia garini.

Mawaziri waliokuwa wamejipanga pale chini walipiga makofi mpaka gari likapotea, halafu wakatazamana. Hakuna aliyelijua neno lile na hakuna aliyethubutu kuuliza. Ikaundwa Kamati ya Maana, wajumbe kumi na mmoja na mwenyekiti wao. Ilikaa miezi mitano kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea, ikatoa ripoti kwamba neno lina maana kumi na mbili: kumi na moja za wajumbe, na moja ya mwenyekiti, ambayo ndiyo sahihi. Definiti, kwa maana ya mwenyekiti, ni kitu kilichokwisha kukatwa na kukazwa, hakisogei, na mtu hana haja ya kukifikiria tena.

Basi kila kitu kikaanza kupigwa muhuri. Kituo cha basi kilikuwa definiti hata baada ya barabara kuhamishwa, na watu waliendelea kusimama palepale wakisubiri kwa adabu. Mvua ilitangazwa kuwa itanyesha Jumanne, definiti. Iliponyesha Jumatano, Jumatano ile ikaandikwa Jumanne, na nchi nzima ikaishi wiki yenye Jumanne mbili bila mtu kulalamika, isipokuwa bwana harusi mmoja aliyekuwa aoe Jumatano, ambaye hajaoa mpaka sasa. Maneno labda, pengine, huenda na takriban yakapigwa marufuku. Viongozi wa dini walikwenda kuomba waruhusiwe kuendelea kusema Mungu akipenda. Waliruhusiwa, mradi waambatanishe uthibitisho.

Katika mtaa wa Kwamchanga, nyumba ya tatu kutoka kisimani, aliishi Bi Nunu na watoto wake wawili. Mkubwa alikuwa Mbaruku, fundi baiskeli, mtu wa sauti nene inayotoka kifuani na kujikokota kidogo mwishoni mwa maneno, kama mtu anayevuta kiti. Mdogo alikuwa Siwema, msusi wa mikeka, msichana mwenye haya kiasi kwamba dukani alinunua kwa kunyoosha kidole. Akiwa na kaka yake, Siwema alikuwa mtu mwingine. Alimwigiza sauti mpaka mama yao akiwa uani hakujua ni nani anayemwita. Lakini mgeni akitokea tu, koo lake lilijifunga.

Siku moja watu wa redio walipita na kipaza sauti wakiuliza raia kama wana furaha. Walipomfikia Mbaruku, alikuwa ameshika tairi. Akasema, "Inategemea."

Kesho yake walikuja watu wanne. Watu wa nchi ile walikuwa na desturi yao ya tangu na tangu: mgeni haingizi jicho ndani ya nyumba ya watu. Akifika huupa mlango mgongo, akabisha hodi huku anatazama njia, na waliomo humjibu kutoka ndani. Serikali iliiheshimu sana desturi hiyo. Wale watu wanne nao walisimama kwanza na migongo yao, wakabisha hodi vizuri, ndipo wakavunja mlango.

"Anakwenda kuisaidia Kamati," walimwambia Bi Nunu. "Kuna maana moja anaijua yeye peke yake."

Hakurudi. Bi Nunu na Siwema walipouliza, waliambiwa yuko Nyumba ya Ufafanuzi. Walipokwenda Nyumba ya Ufafanuzi, waliambiwa jina hilo litafafanuliwa.

Baada ya miezi miwili ikatangazwa Hesabu ya Sauti. Kila mwezi karani angepita kila mlango, asimame na mgongo wake, asome majina, na kila mtu ajibu "nipo" kwa sauti yake mwenyewe. Aliyejibu angepigwa muhuri YUPO, DEFINITI. Aliyeitwa mara tatu bila kujibu angepigwa muhuri HAYUPO, DEFINITI.

Jirani yao Bi Mosi, muuza vitumbua, alijua muhuri wa pili unafanya nini. Mtaani kwa ndugu zake hesabu ilianza mapema, ya majaribio, na mume wake, aliyeandikishwa mtaa huo lakini akiwa Nyumba ya Ufafanuzi pia, aliitwa mara tatu bila wa kujibu.

"Mtu ambaye hayupo hapikiwi, shoga," alimwambia Bi Nunu, huku anageuza vitumbua. "Huko ndani wanafuata daftari. Daftari likisema hayupo, sahani yake inaondolewa. Wiki ya pili waliniletea nguo zake, zimefuliwa, zimepigwa pasi. Hata kifungo kilichokuwa kimekatika walikishona."

"Walisema nini?"

"Walisema nisaini."

Bi Nunu alirudi nyumbani akakaa kitako kwenye mkeka wa Siwema ambao haujaisha. Hakuinuka mpaka adhana ya alasiri.

Karani aliyepangiwa Kwamchanga aliitwa Ngwali, mtu mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni na mihuri miwili shingoni kama hirizi. Alifika saa nne asubuhi, akageuka, akakohoa.

"Hodi. Bi Nunu Kheri."

"Nipo."

Muhuri ukagonga.

"Mbaruku Shauri."

Kuku alipita. Mbali huko mtu alikuwa anapasua kuni.

"Mbaruku Shauri. Mara ya pili."

Bi Nunu alifungua mdomo, akamtazama binti yake. Siwema alikuwa amekaa chini na ukili wa mkeka mapajani. Hakupanga kitu. Alisikia tu kifua chake kikishuka, kikapanuka, na sauti ikatoka, nene, ikijikokota mwishoni.

"Nipooo."

Kalamu ya Ngwali ilisimama. "Una mafua, Mbaruku?"

"Vumbi la tairi," ilisema sauti.

"Kunywa maji ya moto." Muhuri ukagonga. Bi Nunu akafunika uso kwa upande wa kanga. "Siwema Shauri."

Siwema alijaribu. Alilitafuta koo lake mahali linapokaa siku zote, hakulipata. Palikuwa na nafasi tupu, kama pengo la jino.

"Siwema Shauri. Mara ya pili."

"Yupo, baba," Bi Nunu alisema. "Yupo hapa, ananitazama."

"Kila mtu ajijibie, mama. Kanuni ya tano. Huwezi kuwa definiti kwa niaba ya mwanao."

"Basi geuka umwone."

Ngwali alistuka kweli kweli. "Bi Nunu, mtu mzima kama mimi nichungulie nyumba ya watu? Umeniona sina wazazi?" Akasubiri kidogo, kwa huruma. "Siwema Shauri. Mara ya tatu."

Siwema aliufungua mdomo wote. Upepo ukatoka.

Muhuri ukagonga.

Mwanzoni haikuwa mbaya. Sheria ilisema aliyeandikwa hayupo asisalimiwe, asiitwe, asikaziwe macho, na Siwema alikuwa ameishi miaka kumi na tisa akiomba hilohilo. Alipita sokoni watu wakitazama juu ya kichwa chake, na kwa mara ya kwanza hakutembea ameinama. Walimpenda, kwa hiyo walitafuta njia. Bi Mosi alikuwa akisema na ukuta.

"Lau pangekuwa na mtu hapa, ningempa vitumbua hivi," aliuambia. "Lakini hapana mtu. Naviacha tu juu ya jiwe. Na lau pangekuwa na mtu, ningemwambia amekonda, ale."

Mwezi wa tatu watoto waligundua kwamba wanaweza kurusha mpira kupitia mahali aliposimama. Ukimpiga, hawakusema samahani, maana umepiga nini? Fundi wa mlango mpya alipima upana huku Siwema amesimama kizingitini, akauandika mlango kuwa mwembamba kwa kiasi cha mtu mmoja. Siwema akaanza kutazama chini kila akitoka juani, kuhakikisha kivuli kimemfuata.

Na kila mwezi Ngwali alikuja, na kila mwezi Mbaruku alijibu.

Sauti ilizidi kunenepa. Mwezi wa nne ilimuuliza Ngwali habari za mgongo wake. Mwezi wa sita ilimwambia minyororo ya baiskeli za siku hizi ni laini kama mlenda. Ngwali alicheka mpaka kofia ikaanguka, akaiokota bila kugeuka.

"Mbaruku, wewe ni mtu," alisema. "Nazunguka nyumba mia mbili. Wengine wananijibu kama wananitupia mfupa. Wewe unaongea."

"Karibu tena, karani."

Siwema hakujua maneno yale yalitoka wapi. Alikuwa hajawahi kushika mnyororo wa baiskeli.

Lililomtia hofu lilikuwa lingine. Jioni moja, wali umepakuliwa, Bi Nunu alisema taratibu, bila kumtazama, "Mwambie kaka yako aseme kidogo."

"Mama." Kwa mama yake bado alikuwa na sauti yake, nyembamba kama uzi.

"Neno moja tu. Aseme wali umeiva."

Siwema akasema wali umeiva, kwa sauti ya Mbaruku. Bi Nunu akafumba macho, akatafuna. Kesho yake akaomba tena. Baada ya mwezi alikuwa akiiuliza sauti mambo ya nyumba, paa lizibwe lini, mbuzi auzwe au asiuzwe, na sauti ilikuwa na majibu. Ilimkataza Siwema kwenda kisimani peke yake. Siwema alikatazwa na kinywa chake mwenyewe, akatii. Siku alipojikwaa kwenye jiwe la mlango, "aa" iliyomtoka ilikuwa nene, na ilijikokota mwishoni.

Wakati huo huko Nyumba ya Ufafanuzi ulifika ukaguzi. Mkaguzi alikuta chumba namba thelathini na moja mtu anayesema ni Mbaruku Shauri wa Kwamchanga. Akafungua daftari la mtaa. Mbaruku Shauri wa Kwamchanga yuko nyumbani kwao, definiti, mihuri kumi na moja.

Mambo mawili definiti yalikuwa hayajawahi kugombana. Kamati iliitwa tena hotelini, ikakaa siku tisa. Mjumbe mmoja alipendekeza aende mtu kutazama. Aliulizwa kama amechoka kuwa mjumbe. Siku ya tisa mwenyekiti akaamua: mwenye mihuri ndiye Mbaruku, na aliyemo chumbani ni kosa la uandishi. Kosa haliachwi ndani ya jengo la serikali. Lakini kosa haliwezi pia kutoka nje likitembea na jina la raia mwema. Kwanza lirekebishwe.

Kwa miezi mitatu walimrekebisha. Kila asubuhi walimuuliza jina lake. Alichofanyiwa alipolitaja hakikuandikwa, kwa hiyo hakikutokea. Asubuhi moja walimuuliza akakaa kimya. Siku hiyohiyo wakamfungulia geti.

Alifika Kwamchanga saa sita mchana, siku ya nne ya kutembea. Bi Nunu alikuwa anachambua mchele ukumbini. Kivuli kikasimama kwenye sinia.

"Nani?" aliuliza.

Kivuli hakikubisha hodi, hakikujibu. Siwema akatoka uani, akamwona mtu mrefu, mikono imening'inia kama imeazimwa, akamtambua kwa umbo la masikio yake tu.

"Kaka Mbaruku," alisema.

Yule mtu aligeuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa.

Walimwosha, wakamlisha. Bi Nunu alimshika uso kwa mikono miwili akamwambia, "Mbaruku, mwanangu, umerudi." Kila likitajwa jina, mabega yake yalipanda yakagusa masikio.  Siku ya tatu Siwema alimkuta uani ameshika gurudumu la zamani, analizungusha, analisikiliza.

"Unaijua kazi hii," Siwema alimwambia polepole. "Wewe ni fundi. Unaitwa nani?"

Alifikiri muda mrefu. Midomo ilijikusanya kuifanya ile herufi ya kwanza. Halafu jasho likamtoka, akaweka gurudumu chini, akaenda kusimama pembeni, uso ukutani, kama mtu anayejua mahali pake.

Hesabu ya kumi na nne ilikuta wote watatu ndani. Siwema aliitikia jina la kaka yake kama kawaida. Yule mtu aliisikia sauti ile ikitoka kwa dada yake, akamtazama kwa macho ya kumwonea wivu.

Wiki iliyofuata Ngwali alirudi kabla ya siku yake. Alisimama na mgongo, lakini mgongo wenyewe ulikuwa unacheka.

"Mbaruku, ndugu yangu. Umeshinda."

"Nimeshinda nini?" ilisema sauti.

"Raia Definiti Kuliko Wote. Nchi nzima. Hesabu kumi na nne, hujakosa hata moja, na ya kwanza tu ndiyo uliitwa mara mbili, kwa sababu ya vumbi. Mimi mwenyewe nimeandika. Jumamosi unapelekwa uwanja wa taifa, unapanda jukwaani mbele ya Mkuu, unasema jina lako na nipo. Basi. Medali."

Bi Nunu alishika nguzo. "Na kama mafua yamemrudia?"

"Ataitwa mara tatu, mama. Kama mtu mwingine yeyote." Mgongo ukaacha kucheka. "Sheria ni moja. Lakini huyu? Huyu atajibu kabla hajaitwa."

Ngwali akaondoka. Wote watatu walijua. Akiitwa mara tatu asijibu, angepigwa muhuri wa pili mbele ya taifa, na mtu aliyesimama pale mwenye mwili wake angerudishwa kule makosa yanakorekebishwa. Siku nne Bi Nunu alimfundisha. "Mimi ni Mbaruku. Sema, baba. Mimi ni." Alifika kwenye "ni", meno yakaanza kugongana.

Jumamosi uwanja ulijaa, maana kuja kulikuwa definiti. Lilikuja gari la serikali kumchukua Mbaruku na mama yake. Siwema alipanda pia. Dereva hakumzuia, angemzuia nani?

Mkuu wa Nchi alihutubia saa mbili. "Ndugu wananchi," alisema, "wapo wanaouliza tunakwenda wapi. Nawajibu leo, na jibu langu ni definiti: hatuendi. Tumefika. Nchi za wenzetu zinayumba, leo hivi, kesho vile. Sisi kesho yetu tumekwisha kuipiga muhuri. Aliyekuwepo yupo, asiyekuwepo hayupo, na katikati pale, ndugu wananchi, tumepaziba kwa zege." Makofi yalipigwa kwa dakika zilizopangwa.

Ngwali, amevaa suti ya kuazima, akasogea kwenye kipaza sauti. Mkononi alikuwa na daftari. Shingoni mihuri yote miwili. Kwa mara ya kwanza katika miezi kumi na minne alikuwa anamtazama Mbaruku usoni, na uso ule haukufanana na ile sauti.

"Mbaruku Shauri," aliita.

Yule mtu alisimama katikati ya jukwaa. Mabega yalipanda.

"Mbaruku Shauri. Mara ya pili." Ngwali aliinama. "Ndugu yangu," alinong'ona, na kipaza sauti kikanong'ona naye uwanja mzima, "sema."

Mkuu alitazama saa yake. Watu wawili wa Nyumba ya Ufafanuzi, nyuma ya jukwaa, walivua miwani.

Siwema alikuwa chini, karibu na ngazi. Mbele yake palikuwa na watu elfu arobaini, nyuso elfu arobaini, jambo ambalo alikuwa akiliota tangu utotoni na kuamka analia. Alipanda ngazi ya kwanza. Mlinzi aliyekuwa pale akatazama juu ya kichwa chake. Alipanda ya pili na ya tatu. Akapita mbele ya Mkuu wa Nchi, karibu sana mpaka akasikia harufu ya dawa ya meno, na Mkuu, aliyeitunga sheria mwenyewe, akakazia macho bendera. Uwanja mzima ulinyanyua macho kidogo, kama watu wanaotazama ndege.

Akasimama mbele ya kaka yake, mgongo kwa watu, akamshika mikono. Akainamia kipaza sauti.

"Mimi ni Mbaruku Shauri," ilisema sauti, nene, kutoka kifuani. "Nipooo."

Ilizunguka majukwaa yote, ikarudi. Ngwali alimtazama Siwema. Alimtazama kwa muda ambao ungetosha kumfunga karani yeyote. Kisha akainamisha kichwa, akagonga muhuri, na akawa wa kwanza kupiga makofi. Mkuu akavisha medali shingo ya yule mtu mrefu aliyekuwa analia. Magazeti ya kesho yake yaliandika kwamba Raia Definiti alizidiwa na furaha, na picha yao ilikatwa vizuri ili ile nafasi tupu iliyokuwa mbele yake isiharibu ukurasa.

Gari la serikali lilikuwa la kwenda tu. Walirudi kwa miguu, jua linaunguza, Bi Nunu mbele na watoto wake wawili nyuma yake. Walipofika kwenye kivuli cha kituo cha basi kisichofikiwa na basi, watu waliokuwa wakisubiri walimpisha Mbaruku wakamsifia medali. Bi Nunu alipumua, akafuta uso, akasema bila kugeuka:

"Umesema vizuri, mwanangu."

Nyuma yake wote wawili walinyamaza, kila mmoja akimngoja mwenzake aitike.